Upande wa Kukosea

Wachezaji wa gofu wana swali ambalo halijawahi kuzeeka: mpira uupinde upande gani? Mchezaji wa mkono wa kulia akiuanzisha mpira kushoto kidogo ya shabaha, kisha ukarudi kulia mwishoni mwa safari yake, amepiga fedi. Akiuanzisha kulia ukarejea kushoto, amepiga droo, neno lisilohusiana hapa na sare ya kandanda. Mpindo ukizidi, fedi hugeuka slaisi na droo hugeuka huki, na hapo mpira hutafutwa vichakani. Jibu lililozoeleka ni la tabia. Husemwa kwamba fedi ni ya mwenye tahadhari na droo ni ya jasiri, kwa kuwa kila ndege huruka kwa ubawa wake. Linapendeza jibu hilo, ila historia ya mchezo hailiungi mkono. Nikiifuata historia hiyo kutoka pwani ya Scotland hadi Texas na Georgia, naona wachezaji wakichagua kosa kabla ya kuchagua mpindo. Kila kizazi kilipokea mpira, fimbo na ardhi ya wakati wake, kikajifunza kwa maumivu ni kosa la upande gani linalogharimu mikwaju mingi, kisha kikahamia upande wa pili.

Tuanze na maumbile ya mipindo yenyewe, kwa sababu haifanani kama kitu na kivuli chake kiooni. Ili mpira upinde kulia, uso wa fimbo huwa umefunguka kidogo ukiulinganisha na njia inayopitwa na fimbo, na uso uliofunguka hulala zaidi. Mpira hupaa juu, huzunguka kinyumenyume kwa kasi, na ukitua hausogei sana. Kwa droo uso umefungwa, nao husimama zaidi. Mpira huruka chini, na ukigusa ardhi hukimbia. Kwa hiyo droo hulipa umbali, na ardhi ikiwa kavu hulipa maradufu. Lakini mpira wa kukimbia hukimbia hata ukiwa umepotea, ilhali slaisi hukaa karibu na pale ilipoangukia. Tofauti hii ndogo ndiyo iliyoamua mengi.

Ardhi ya kwanza ya gofu ilikuwa ya pwani: mchanga, nyasi fupi ngumu, upepo wa bahari. Tarehe 17 Oktoba 1860 wachezaji 8 walikutana Prestwick, magharibi mwa Scotland, kwa shindano lililokuja kuitwa Open. Walizunguka mara 3 uwanja wa mashimo 12, na Willie Park wa Musselburgh akashinda kwa mikwaju 174. Mpira wao ulikuwa wa gutta-percha, utomvu mgumu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, ulioanza kutumika mwaka 1848 na kuuondoa sokoni mpira wa ngozi uliojazwa manyoya. Mpira mpya uliokuwa laini kabisa uliruka vibaya. Ukishachubuliwa na fimbo uliruka vizuri, na mafundi wakaanza kuupiga nyundo makusudi kabla ya kuuza. Katika ardhi ile mpira uliotua na kukimbia ulikuwa mali. Na ukiutazama uwanja mkongwe wa St Andrews utaona jambo la pili: hatari nyingi ziko kulia. Ukienda, vichaka vya miiba viko kulia. Ukirudi, mpaka wa uwanja uko kulia, na zamani reli ilipita hapo hapo. Kushoto kuna uwanda mpana wa nyasi ambao mashimo ya kwenda na ya kurudi huugawana. Hata Prestwick, shimo la kwanza limepakana na reli upande wa kulia. Mchezaji wa huko hakuhitaji moyo wa simba ili aupende mpira unaoelekea kushoto. Kosa la kushoto lilimgharimu pigo gumu kidogo. Kosa la kulia lilimpotezea mpira.

Hapa atainuka mtu na kuuliza: iwapo watu wa karne ya 19 hawakujua kwa nini mpira unapinda, vifaa viliwaongozaje kuchagua? Ni kweli hawakujua. Isaac Newton alikuwa ameandika mwaka 1672 juu ya mpira wa tenisi unaopinda, lakini gofu ilisubiri hadi miaka ya 1890, wakati Peter Guthrie Tait, profesa wa fizikia wa Edinburgh, alipoandika makala zake katika jarida la Nature. Mbinu yake moja nawaomba wasomaji waitazame kwa karibu. Alifunga ncha moja ya utepe mrefu mwembamba kwenye mpira na ncha nyingine akaishikiza chini, kisha mpira ukapigwa kuelekea kwenye udongo wa mfinyanzi. Baada ya pigo alihesabu mara ambazo utepe ulijisokota, akajua mpira ulizunguka mara ngapi. Kwa hesabu hiyo alionyesha kwamba mpira hubaki hewani kwa sababu unazunguka kinyumenyume, na mhimili wa mzunguko huo ukiinama upande mmoja, mpira hupinda kuelekea upande huo. Mwanawe, Freddie Tait, aliyekuwa bingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Uingereza mwaka 1896 na 1898, alikuwa akiyafanya hayo kwa mikono bila hesabu. Na hilo ndilo jibu. Mchezaji hahitaji nadharia ili ajifunze. Kadi ya alama humfundisha. Mpira uliopotea upande wa reli Jumamosi hadi Jumamosi hubadilisha mkono wa mtu hata kama hakuna aliyemweleza sababu.

Mpira uliofuata uliipa droo nguvu zaidi. Coburn Haskell na Bertram Work wa Ohio walipata hataza mwaka 1899 kwa mpira wa nyuzi za mpira zilizovutwa na kuzungushwa kwenye kiini. Mwaka 1902 Sandy Herd alishinda Open kule Hoylake akiutumia, na baada ya hapo gutta-percha haikuishi muda mrefu. Mpira wa Haskell uliruka kwa uchangamfu na kukimbia mno ulipotua. Aliyeupinda kushoto aliongeza yadi bila kuongeza nguvu.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote lilikuja kwenye mpini. Mpini wa hikori, mti mgumu wa Marekani, hupinda, na pia hujisokota. Fimbo ikishuka kwa kasi, kichwa hubaki nyuma na uso wake hufunguka, na kwa hiyo mchezaji wa zamani alijifunza kuvingirisha mikono ili aufunge kwa wakati. Kuvingirisha huko kulikuwa fani nzima, muhimu kuliko nguvu na kuliko kimo. Kisha kikaja chuma. Marekani iliruhusu mpini wa chuma katika miaka ya 1920, na R&A ya St Andrews, iliyosimamia kanuni za mchezo, ikafuata mwaka 1929. Bobby Jones alishinda mataji yake makuu 4 ya mwaka 1930 kwa hikori, na mwaka uliofuata Billy Burke akawa wa kwanza kushinda US Open kwa chuma. Chuma hakijisokoti hivyo. Mikono iliyofundishwa kufunga uso uliofunguka ilikuta uso usiofunguka, ikaendelea kuufunga, na mpira ukaruka chini ukipinda kushoto kwa hasira. Kosa lililokuwa rahisi likawa ghali kwa usiku mmoja. Vijana 2 waliozaliwa Texas mwaka 1912 na kubeba mifuko ya wachezaji katika klabu moja ya Fort Worth, Byron Nelson na Ben Hogan, walikulia katikati ya badiliko hilo. Nelson aliijenga upya mipigo yake ili ikubaliane na chuma, na mwaka 1945 alishinda mashindano 18, kati yake 11 mfululizo.

Hogan alichelewa. Aliingia katika gofu ya kulipwa mwaka 1930 akiwa na huki iliyomfilisi zaidi ya mara moja, na ushindi wake wa kwanza akiwa peke yake, bila mwenzi wa timu, haukuja hadi mwaka 1940 kule Pinehurst. Dawa aliyoipata aliieleza hadharani mwaka 1955 katika jarida la Life, nayo ni ndogo kiasi cha kushangaza. Kidole gumba cha mkono wa kushoto alikisogeza kikakaa sawasawa juu ya mpini badala ya kuegemea kulia. Na fimbo ilipofika kileleni, kifundo cha mkono huo wa kushoto alikikunja nyuma kidogo, kukawa na bonde dogo kati ya mgongo wa kiganja na mkono. Bonde hilo liliufungua uso wa fimbo. Sasa angeweza kupiga kwa nguvu zote za mwili wake bila uso kuwahi kujifunga kupita kiasi. Upande wa kushoto aliufunga kama mlango. Aligongana na basi la abiria Februari 1949 na karibu afe, akarudi na kushinda US Open ya 1950 kule Merion, na mwaka 1953 akashinda Masters, US Open na Open. Ukisoma kisa cha Hogan kama cha mtu aliyekuwa mwoga akachagua pigo la tahadhari, umekipindua. Alikuwa mtu aliyepokea kifaa kipya, akasoma bei ya kosa lake, akalinunua kosa la upande wa pili.

Thamani ya kufunga upande mmoja inahesabika. Chukua njia ya nyasi fupi yenye upana wa mita 30. Anayelenga katikati na kujaribu kupiga mpira ulionyooka ana mita 15 za kukosea kila upande, kwa kuwa mpira ulionyooka ukikataa, hujui utakwenda wapi. Anayelenga ukingo wa kushoto akiwa na fedi ya kuaminika anazo mita zote 30 upande mmoja. Mpira ukinyooka, uko ukingoni lakini ndani. Ukipinda kidogo, uko katikati. Ukizidi, bado uko ndani upande wa kulia. Jack Nicklaus alijenga sehemu kubwa ya mchezo wake juu ya hesabu hii. Lee Trevino naye, aliyekuwa na huki ujanani, alimtazama Hogan akifanya mazoezi katika klabu ya Shady Oaks ya Fort Worth, akabadilika. Alishinda US Open 1968 na 1971, Open 1971 na 1972, na ubingwa wa PGA 1974 na 1984, karibu yote kwa mpira wa chini uliojirudisha kulia.

Sasa kuna Bobby Locke, na sitampita kimyakimya. Alizaliwa Germiston, Afrika Kusini, mwaka 1917, na alipiga kila kitu kwa mpindo wa kulia kwenda kushoto, mpaka watu wakasema hata mipira yake ya kwenye grini, nyasi laini zinazozunguka shimo, ilipinda. Alishinda Open mwaka 1949, 1950, 1952 na 1957, enzi zile zile ambazo Hogan alikuwa akiikimbia huki kama ugonjwa. Ushindi wake wa Open unaeleweka kwa hoja yangu: ardhi ya pwani, mpira wa Uingereza wa inchi 1.62 uliokuwa mdogo kuliko ule wa Marekani wa inchi 1.68 na uliopenya upepo vizuri zaidi, na viwanja ambavyo hatari yake ipo kulia. Lakini mwaka 1947 alikwenda Marekani, akatumia mpira mkubwa kwenye nyasi laini, akashinda mashindano 6. Hapo hoja ya ardhi peke yake haitoshi, na nakiri. Locke alikuwa pengine mpigaji bora kuliko wote kwenye grini, na hilo lilifunika mengi. Hata hivyo tazama alivyolenga. Alijielekeza kulia sana na mpira wake ukarudi daima, bila kubadilisha nia. Yeye pia alikuwa amefunga mlango mmoja, akabaki na mmoja wa kuangalia.

Locke ananikumbusha pia hewa, jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulisahau kwa kuwa viwanja vyao vingi viko karibu na usawa wa bahari. Germiston iko zaidi ya mita 1,600 juu, karibu sawa na Nairobi. Hewa ya huko ni nyepesi. Mpira huenda mbali zaidi na hupinda kidogo, kwa kuwa kinachoupinda ni hewa yenyewe. Mchezaji aliyezoea Muthaiga ya Nairobi, ambako Kenya Open ilianzia mwaka 1967, akishuka kwenda Nyali, pwani, hukuta fedi yake ya kawaida inakaribia slaisi, ingawa mikono yake haijabadilika. Na nyasi ya kikuyu, iliyotoka nyanda za juu za Afrika Mashariki na sasa inafunika viwanja vya Afrika Kusini, Australia na California, hushika mpira unapotua. Palipo na kikuyu, faida kubwa ya droo, kule kukimbia, hupungua sana. Anayedhani mpindo ni suala la tabia aeleze kwa nini tabia ile ile izae matokeo mawili kati ya mlima na pwani ya nchi moja.

Pingamizi linalorudiwa kuliko yote ni Augusta. Uwanja huo wa Georgia, uliochorwa na Alister MacKenzie pamoja na Bobby Jones na kuandaa Masters tangu mwaka 1934, una mashimo kadhaa yanayokunja kushoto: la 2, la 10, la 13, la 14. Trevino alisema wazi kwamba haukumfaa, akakataa kwenda mwaka 1970, 1971 na 1974, na hakuwahi kumaliza juu ya nafasi ya 10. Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba Augusta ni ya droo. Lakini Nicklaus, aliyeegemea fedi, alishinda huko mara 6, na Dustin Johnson, aliyeiacha droo yake na kuhamia fedi, aliweka rekodi ya mikwaju 268 mwaka 2020. Nadhani maelezo yapo kwenye grini. Ni ngumu, zina miteremko mikali, na mpira wa chini unaokimbia hauna pa kusimama. Kwenye pigo la kwanza njia inakuomba uende kushoto, na kwenye pigo la pili grini inakuomba mpira wa juu unaoshuka taratibu. Droo hujibu ombi la kwanza, fedi hujibu la pili. Anayeweza kujibu yote mawili kwa mpindo mmoja ni nani? Mchezaji wa mkono wa kushoto, ambaye fedi yake huelekea kushoto. Kati ya Masters 12 kuanzia 2003 hadi 2014, wachezaji wa mkono wa kushoto walishinda 6: Mike Weir 2003, Phil Mickelson 2004, 2006 na 2010, Bubba Watson 2012 na 2014. Wachezaji hao ni wachache mno katika gofu ya kulipwa. Siamini Mungu aliwagawia ujasiri zaidi kuliko wenzao. Shimo la 13, lenye kijito kinachofuata ukingo wa kushoto, liliwakubali kwa sababu pigo lao salama lilikuwa pia pigo lililohitajika.

Kuna wanaosema vifaa vya leo vimeua swali lote. Vichwa vya fimbo vimewekewa kikomo cha sentimita za ujazo 460 tangu 2004, na mipira ya kiini kigumu, iliyotawala baada ya mwaka 2000, huzunguka kidogo kuliko ile ya nyuzi. Basi mtu apige ulionyooka. Mimi naona kinyume. Mzunguko ukipungua, droo ndiyo inayoumia, kwa kuwa tayari ina mzunguko mdogo. Ikizidi kidogo, mpira huporomoka hewani kama jiwe. Fedi inao mzunguko wa akiba. Rada za kupima mpira, kama zile za kampuni ya Denmark ya TrackMan, zimeonyesha pia kwamba tofauti ya umbali iliyokuwa ikiipa droo heshima inaweza kupunguzwa sana kwa pembe sahihi ya kupaisha mpira. Johnson, Brooks Koepka, Jon Rahm na Collin Morikawa wote wamejengwa juu ya fedi. Rory McIlroy, mtu wa droo, alishinda Masters ya 2025, kwa hiyo mlango haujafungwa. Ila anahitaji usahihi wa mikono ambao wengi hawana.

Kinachobaki, na kinachonigusa zaidi, ni mchezaji wa kawaida wa klabu. Kosa lake mara nyingi ni slaisi: uso umefunguka, fimbo inakatiza kutoka nje kuja ndani, mpira unaruka kulia na yadi zinapotea. Kwake bei ya makosa ni kinyume cha bei ya Hogan, na walimu wanaomfundisha droo wako sahihi kabisa, kama Hogan alivyokuwa sahihi kuikimbia. Mwaka 1957 Hogan alichapisha Five Lessons, ambacho hadi leo ni miongoni mwa vitabu vya gofu vinavyosomwa zaidi. Ni kitabu cha mtu aliyekuwa akijitibu huki, na kimesomwa na vizazi vya watu wenye slaisi. Hata leo utamkuta mtu kwenye uwanja wa mazoezi, kitabu kikiwa mfukoni mwa begi, anakisogeza kidole gumba cha kushoto polepole mpaka kikae sawasawa juu ya mpini, anakunja kiganja kileleni kama picha inavyoonyesha, na kuufungua zaidi uso ambao tangu asubuhi ulikuwa umefunguka.